Vipimo Vilivyopotelea Kwenye Nukta Mbili

Severa Ndunguru alijifunza mwenyewe kuandika programu kwa lugha ya Python akiwa karani wa stoo Kariakoo. Laptop yake kuukuu ilikuwa na mfumo wa Linux, maana Windows iliishinda. Programu yake ya kwanza kutumiwa na mtu mwingine aliitengenezea karakana ya ushonaji ya Bi Nasma, Mtaa wa Mchikichi. Unaandika jina la mteja na vipimo vyake, nayo inahifadhi faili lenye jina hilo na saa aliyopimwa.

Kompyuta ya Bi Nasma ilikuwa na Windows. Programu ilifunguka vizuri, na kwa wiki moja walipimwa wanawake sitini na wawili wa sare ya harusi, wengine wakiwa wametoka Mtwara na kurudi. Siku ya kukata vitambaa, Bi Nasma akabonyeza jina la kwanza. Tupu. La pili, vilevile.

Severa alipofika alimkuta Awadhi, fundi simu wa duka la jirani, akihamishia mafaili kwenye flashi ili apige Windows upya. Alikuwa ameshahamisha matatu. Onyo kwamba sehemu ya mafaili haitahamishika lilikuwa limetokea kwenye kioo, akabonyeza ndiyo.

"Kaka, usiguse hata moja tena," Severa alimwambia.

Alimwamkia Bi Nasma, naye akaitikia marahaba bila kumtazama.

Mafaili yote yalionyesha ukubwa wa sifuri. Severa akayapitia moja moja. Kisha akaona majina yamekatika: la aliyepimwa 10:30 liliishia kwenye 10. Akatafuta mtandaoni kwa simu yake mpaka akaelewa. Kwenye Linux, nukta mbili ni alama kama nyingine. Windows ikiikuta kwenye jina la faili, inayaweka maandishi kwenye chumba cha ndani kisichoonekana, kinachofunguka tu kwa kutaja kilichofuata nukta hizo, yaani dakika. Vipimo vilikuwemo. Ila flashi ile haikuwa na vyumba vya namna hiyo, na matatu ya Awadhi yalibaki maganda.

Dakika alizopimwa kila mtu hakuzijua. Akaandika mistari michache ya kujaribu kila jina kwa dakika zote, kuanzia 00 hadi 59. Mteja wa kwanza, Leticia, akatokea, mabega na kifua. Akafuata Victoria. Mwishowe walirudi hamsini na tisa.

Bi Nasma akauliza kosa lilikuwa la nani.

"Langu, mama. Niliijaribu kwenye mashine yangu tu."

"Basi hao watatu utawapigia simu wewe mwenyewe."

Wawili walikuwa Upanga, wakaja mchana uleule. Wa tatu, Zamzam, alipimwa na dada yake hukohuko Mtwara, namba zikisomwa kwenye simu. Gauni lake lilimbana kiunoni, likaachiwa mshono asubuhi ya harusi.

Severa aliweka kistari badala ya nukta mbili, kisha akaomba ruhusa ya kujaribu programu zake kwenye kompyuta ya Windows ya ofisini kwao stoo wakati wa chakula cha mchana. Bi Nasma aliendelea kuitumia programu ile, ila hadi Ramadhani ilipoingia alikuwa bado anaandika vipimo kwenye daftari pia.