Ukuta wa Mzee Luqman

Mwalimu Hasina alizisikia brashi kabla ya kusikia watu. Zilikuwa zikipanda na kushuka kwenye ukuta wa mbele, upande wa barazani, na yeye yumo chumbani, edani. Mumewe, Mzee Luqman, alikuwa amezikwa mwezi uliopita, na mjane wa pale Msambweni hatoki mlangoni mpaka eda yake iishe.

"Ni nini hicho, shemeji?" aliuliza kupitia pazia.

"Ni vijana," alijibu Kheri, mdogo wa marehemu, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mkubwa wa familia. "Nimewaambia waupe ukuta rangi. Watu wasije wakasema kafa Luqman na nyumba imekufa."

Maneno hayo yalimwingia moyoni. Hapakuwa na kitu Hasina alichokilinda zaidi ya jina la nyumba ile. Akakoroga sharubati ya ukwaju kwa mkono wake, akampa Kheri jagi zima awapelekee, na dua juu yake.

Jina lenyewe lilikaa barazani. Miaka yote ya ndoa yao, baada ya alasiri, wanaume wa vyama vyote walikaa kwenye saruji ile wakacheza bao, wakabishana mpaka mate yakawaruka, kisha wakaondoka pamoja. Hakuna aliyepata kujua Luqman alimpigia nani kura. Hasina mwenyewe hakujua. Yeye alikuwa amefundisha Historia na Serikali shule ya upili hadi alipostaafu, na kila mwaka aliiandika maana ya siasa ubaoni kwa mwandiko wake mzuri: njia ya watu kuamua mambo yao ya pamoja bila kupigana. Luqman alikuwa akimcheka. "Hayo ni ya mtihani, Mwalimu. Siasa ni nani kakaa kando ya nani." Naye Hasina akacheka, akaona ni mzaha wa barazani tu.

Alasiri ilipopita, alimtuma Mbodze, jirani anayemsaidia kazi, alitoe bao na komwe zake nje kama kawaida. Kisha akasubiri kikohozi cha Katana. Katana, bwana mifugo mstaafu aliyetoka Taru akalowea huku, ndiye aliyekuwa mshindani mkubwa wa Luqman, kwenye bao; na kwenye kura, tofauti na Luqman, upande wake aliutangaza waziwazi. Tangu mazishi alikuwa akifika, akikohoa karibu na dirisha na kusema, "Mwalimu, tupo." Hilo tu. Hasina hakumjibu, lakini neno hilo lilimtosha mpaka kesho yake.

Siku hiyo kikohozi hakikuja. Wala siku ya pili. Sauti za barazani zilikuwa za upande mmoja, zikicheka kitu kile kile, hakuna wa kuzipinga.

"Mbodze, Mzee Katana mgonjwa?"

"Si mgonjwa. Nimemwona sokoni akichagua papa, na bei alikuwa akiigombea kweli kweli."

"Mbona haji, basi?"

Mbodze akajipangusa mikono iliyokwisha kukauka. "Bi Mwalimu, si ukuta ule una mtu?"

"Mtu gani?"

"Yule anayetaka ubunge. Kachorwa kutoka dirishani mpaka mlangoni, meno yote nje. Mimi nilidhani umeridhia. Si ndiwe uliyewapa sharubati?"

Akatoka na simu, akarudi na picha. Kando ya uso ule palikuwa na maandishi mekundu: FAMILIA YA MZEE LUQMAN, TUKO NAWE. Hasina aliyasoma kama anayesahihisha. Hayakuwa na kosa hata la herufi moja.

Kheri aliitwa, akaja nyuma ya pazia.

"Nani amekupa jina la mume wangu ulibandike ukutani?"

"Ni jina la kaka yangu vilevile, shemeji." Kisha akalainika. "Nisikilize. Amin wangu ana cheti, na yuko Diani anauzia watalii madafu. Mheshimiwa ameahidi kumwingiza kaunti. Wewe siasa umeisoma. Kwangu mimi siasa ni Amin apate kazi, basi."

"Ifute sura hiyo."

"Kwa rangi gani? Kijani ni ya hawa. Manjano ni ya wale. Buluu ina mwenyewe. Na nyeupe ndiyo mbaya zaidi, yule mgombea wa Ukunda ndiye anayetembea nayo."

"Basi ikwangueni, ibaki saruji tupu."

"Kumkwangua mtu uso, shemeji, hiyo nayo ni siasa. Tena ya matusi."

Hasina alikuwa akilinyamazisha darasa zima kwa kulitazama tu. Sasa mbele yake palikuwa na pazia.

Alifikiria kutoka mwenyewe na ndoo ya chokaa. Mkono wake ungeweza. Lakini tayari aliisikia habari itakayotembea mpaka Majoreni: mjane wa Luqman kavunja eda kwa ajili ya kampeni. Angelifuta jina ukutani akalichafua midomoni mwa watu. Na eda ingekwisha kura zimeshahesabiwa.

Kilichobaki ni salamu. Mbodze alitumwa kwa Katana amwambie kwamba Mwalimu hakujua. Alirudi akitembea polepole.

"Amesema anakuamini, Bi Mwalimu. Amesema hata kuapa huna haja. Lakini akikaa kando ya sura ile, watu wake watasema kanunuliwa. Amesema Mzee Luqman angemwelewa."

Angemwelewa, ndiyo. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Alasiri hiyo hakulitoa bao. Alilisukuma chini ya kitanda, komwe zake ndani ya mfuko wa kitambaa. Haukupita muda ikaja hodi, ya sauti ngeni yenye adabu tele.

"Hodi wenyewe! Shikamoo, mama. Tumeambiwa hapa pana bao. Tunaliomba tucheze kidogo."

Mbodze akamtazama Hasina. "Niwaambie halipo?" alinong'ona.

Mgeni aliyeomba kitu kilichomo ndani hakupata kunyimwa katika nyumba ya Luqman hata siku moja. Hasina akainama, akalivuta bao, akalipangusa vumbi kwa ncha ya kanga yake, akampa Mbodze alipeleke.

"Marahaba," akasema, kwa sauti ambayo haikufika hata mlangoni.

Nje komwe zikaanza kulia. Walizicheza kwa pupa, wakizibwaga. Hasina akaketi kitandani, mgongo kwenye ukuta, nyuma ya uso ule, akasikiliza mpaka adhana ya magharibi.