Jezi za Magodoro za Valea Inului

Jumatatu asubuhi, baridi ya Machi bado inauma, na Lucreția Hanganu ameshazamisha mikono hadi viwikoni ndani ya beseni la maji ya vuguvugu. Anasugua tope kwenye jezi ya beki wa kushoto. Mashine ya kufulia ipo pembeni, imefunikwa shuka na juu yake pamewekwa chungu cha maua.

"Mashine inachana mishono," anasema bila kuinua kichwa. "Ikichana atashona nani, mashine?"

Nje ya chumba hiki cha kufulia cha klabu, nyuma ya goli, jezi alizomaliza zinaning'inia kwenye kamba. Zina mistari ya buluu na nyeupe, na kitambaa chake ni kizito. Yeyote aliyewahi kulala kwa bibi yake hapa mjini Valea Inului anakijua. Ni kitambaa cha kushonea magodoro.

Klabu ya Țesătoarea, yaani Mfumaji, ilianzishwa mwaka 1951 na wafanyakazi wa kiwanda cha nguo. Madukani hapakuwa na kitambaa. Wanawake wa kiwandani wakachukua majora ya magodoro yaliyoharibika kidogo, wakawashonea wanaume wao jezi. Wapinzani walicheka hadi wakashika mbavu na kuwaita Magodoro. Wenyewe wakalipenda jina, na hadi leo jukwaani hakuna anayeiita Țesătoarea.

Mwaka 1974 Magodoro waliitoa timu ya ligi kuu kwenye Kombe. Mfungaji alikuwa fundi wa boila. Lucreția, wakati huo binti wa miaka kumi na mitano, aliiona mechi akiwa juu ya ukuta wa kiwanda.

"Nilirarua sketi, mama akanichapa," anasema, na uso wote unang'aa. "Hata leo ningepanda!"

Kiwanda kilipofungwa, mwishoni mwa miaka ya tisini, wafanyakazi, Lucreția akiwa mmoja wao, waliambiwa wachukue bidhaa badala ya mishahara. Wenzake walibeba mashuka na mablanketi wakauze sokoni. Yeye alichagua majora ya kitambaa cha magodoro. Mumewe, marehemu Vasilică, alinuna wiki nzima. "Tutakula mistari?" alimuuliza.

Kwa majora hayo ameivisha timu tangu siku hizo. Klabu humpa lei mia nne kwa mwezi na kuni za majira ya baridi, juu ya pensheni yake ambayo haivuki lei elfu mbili.

Vuli iliyopita alifungua kabati akakuta limebaki jora moja. Jora hilo likiisha, timu itabidi ivae kingine, na Lucreția hakutaka kuiona siku hiyo.

Habari zikamfikia mwenye kiwanda cha soseji wa mji wa jirani, Bwana Costache Vrânceanu. Alikuja na ahadi nzuri: basi, viatu, taa za uwanjani. Sharti lake lilikuwa moja, jezi za rangi ya machungwa zenye picha ya nguruwe kifuani. Mwenyekiti wa klabu, kinyozi Traian Boboc, alimwendea Lucreția akiwa ameshika kofia mkononi.

"Shangazi Lucreția, vijana wanakwenda ugenini kwa magari yao wenyewe. Nifanyeje?"

"Wavae," alimjibu. "Mimi nitafua hata nguruwe."

Mechi ya kwanza ya jezi mpya ilikuwa dhidi ya Poiana Rece, watani wa jadi. Kila mwaka mashabiki wa Poiana Rece huja na mito ya kulalia, wakiitikisa hewani na kuwaimbia Magodoro walale salama. Safari hii timu ilipotoka na rangi ya machungwa, mito ilibaki mapajani. Watu walitafuna mbegu za alizeti kimya kimya.

"Nyinyi ndio nani?" mzee mmoja wa Poiana Rece alipaza sauti. "Sisi tumekuja kucheza na Magodoro! Tumebeba mito bure?"

Hadi mapumziko, wenyeji walikuwa wameshafungwa mabao mawili. Nahodha Ovidiu Tarcea, ambaye siku za kazi ni tarishi, aligonga mlango wa chumba cha kufulia.

"Shangazi, zile zetu ziko wapi?"

"Zimepigwa pasi," Lucreția alisema. Alikuwa amezipiga pasi tangu asubuhi, bila kumwambia mtu.

Mwamuzi aliangalia namba, akaruhusu. Magodoro walipotokea na mistari yao, uwanja mzima ulisimama, na mito ya Poiana Rece ikapaa. Wenyeji walirudisha mabao mawili, kisha wakafungwa la tatu dakika za mwisho. Walishindwa, na watu wakawabeba mabegani hadi barabarani. Lucreția alilia, na hafichi.

Bwana Vrânceanu aliondoka kabla ya filimbi, na basi lake halikuonekana tena. Mwenyekiti Boboc anakiri kwamba ilimuuma. "Lakini ningenyoa vipi watu mji huu?" anauliza. "Wangenikata mimi sikio!"

Jora la mwisho limeshakatwa. Jezi hizi zinazoanikwa leo ndizo zilizotoka humo, na zitadumu misimu miwili, mitatu zikibembelezwa.

Ndiyo maana mchana, akishamaliza kufua, Lucreția huingia kwenye banda nyuma ya nyumba. Humo wafumaji wenzake watatu wastaafu wamefufua mtambo wa mbao wa kufumia ulioachwa na mama mkwe wake. Wanagombana kuhusu uzi, wanacheka, wanaanza upya. Mpango wao ni kufuma seti nzima kabla timu haijapanda daraja la tatu, jambo ambalo Lucreția hana shaka nalo hata kidogo.

Meta ya kwanza imetoka wiki hii. Mistari imepinda vibaya. Mwenzake mmoja alitaka ifumuliwe, Lucreția akaikumbatia kifuani.

"Haifumuliwi," alisema. "Hii ni ya beki wa kushoto. Naye hukimbia upande upande."