Kengele ya Kivuko cha Garsen

Iko siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa nyingine nyingi zimekwenda zao. Ni siku niliyosimama ndani ya duka la vifaa vya umeme, Mombasa, nikamdanganya mwenye duka kuhusu kwetu. Nimeikumbuka tena juma hili kwa sababu yako. Umeniletea picha mbili za masanduku ya kujifunzia elektroniki, moja dogo na moja kubwa, ukaniuliza, "Babu, kwa hizi pesa nilizoweka, ninunue lipi?" Sikukujibu pale pale. Nilitaka kwanza nikueleze mimi nilinunua lipi.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari Mombasa, na kwa vijana wa huku Tana wakati ule hilo lilikuwa jambo la kutembea nalo kifua mbele. Likizo nilirudi nyumbani Garsen. Daraja halikuwepo. Magari na watu waliokwenda au kutoka upande wa Witu walivushwa kwa pantoni, chombo kipana cha mbao kilichovutwa kwa mikono kwenye kamba ya chuma iliyokatisha mto. Wavutaji walikuwa sita, na msimamizi wao alikuwa Mzee Jilo, mtu mfupi, mkimya, mwenye viganja vigumu kama ngozi ya kiatu.

Pantoni ililala upande wetu. Mtu akifika ng'ambo na kutaka kuvuka, alipiga rimu. Ilikuwa rimu ya gurudumu la lori, imetundikwa kwenye nguzo, na kando yake kipande cha nondo. Ukiipiga mara tatu, wavutaji wanasikia, wanakuja. Hivyo ndivyo watu walivyoitana mtoni tangu nilipokuwa mdogo.

Shuleni mwalimu wa sayansi alituonyesha kengele ya umeme. Betri mbili, waya, kitufe, na kengele yenyewe. Unabonyeza huku, inalia kule. Sikulala vizuri kwa furaha. Likizo ya mwisho wa mwaka nilimwendea Mzee Jilo nikamwambia naweza kumwekea kengele hiyo kivukoni, mtu abonyeze tu ng'ambo, nayo ilie kibandani mwao.

"Hata upepo ukivuma?" aliniuliza.

"Hata upepo ukivuma, Mzee."

Alitazama maji. Siku za upepo wa kusi rimu ile ilikuwa ikisikika kwa shida, na lilikuwa jambo lililomsumbua. Kisha akasema, "Basi vuta kamba na sisi likizo hii nzima. Ujira wako ndio utanunua kengele."

Hakuwa na lazima ya kuniajiri. Wavutaji walitosha. Alinitengenezea nafasi, mwanangu, na mpaka leo nikikumbuka naona ni mkono aliokuwa ameninyooshea. Nilivuta kamba mpaka malengelenge yakapasuka, na shule zilipofunguliwa niliondoka na pesa zangu nimezishonea ndani ya mfuko wa suruali.

Nilizitunza hadi muhula ulipokwisha, nikaenda dukani. Mwenye duka alikuwa Mhindi mzee, miwani yake imefungwa kwa uzi. Aliniwekea masanduku mawili juu ya meza. La kwanza lilikuwa dogo, la bati: kengele moja, kitufe, betri mbili, waya, na kitabu chembamba cha michoro. La pili, ah! Lilikuwa kubwa, na juu ya kifuniko palikuwa na picha ya kijana amevaa visikizi, anatabasamu kama aliyesikia dunia nzima ikimsalimu. Ndani mlikuwa na vali za kioo, zile kama taa ndogo za redio za zamani, vishikizo vya kuzungushia, nyaya za rangi, na chuma cha kulehemu. Ukijua kuviunga, unapata redio.

Sikuwa nimetumwa redio. Nilikuwa nimetumwa kengele. Lakini nilijiona tayari nimekaa barazani kwetu, watu wamenizunguka, sauti zinatoka mikononi mwangu.

Mwenye duka aliniuliza, "Kijana, huko kwenu umeme wa..."

"Upo," nikamkatiza.

Dukani mlikuwa na wanafunzi wengine wawili wa mjini. Niliona aibu kusema mbele yao kwamba kwetu taa ni za mafuta. Hiyo tu, mwanangu. Aibu ya dakika moja. Nililipa, na sanduku lile likazimaliza pesa zangu zote isipokuwa nauli ya lori.

Nilipofika kivukoni, jambo la kwanza nililofanya ni kuvuka ng'ambo na kuing'oa rimu. Naam. Sikuwa nimefungua hata kifungo kimoja cha lile sanduku, lakini niliitaka ile nguzo kwa ajili ya kitufe changu, na nilitaka watu waone kwamba mambo ya zamani yamekwisha. Nikairudisha rimu upande wetu, nikaitupa nyuma ya kibanda. Moyoni nilijiambia kwamba aliyejua vali za redio hawezi kushindwa na kengele, nitaitengeneza humo humo.

Halafu nikafungua. Chuma cha kulehemu kilikuwa na waya, na mwisho wa waya plagi ya kuchomeka ukutani. Vali nazo zilitaka umeme wa ukutani. Kengele haikuwemo. Kitabu kilikuwa kinene na maneno yake yalinishinda ukurasa wa pili.

Mvutaji mmoja aliyeitwa Buya, asiyeweza kuona jambo bila kulitania, aliishika ile plagi akaigeuza geuza. "Msomi, hii utaichomeka wapi? Kwenye mkia wa kiboko?"

"Aichomeke mtoni," mwingine akadakia. "Mto ndio wenye nguvu hapa Garsen."

Walicheka, na mimi nikacheka nao kwa uongo. Mzee Jilo peke yake hakucheka. Aliuliza, "Kengele iko tayari lini?"

"Karibuni, Mzee. Kuna kitu kimoja tu bado."

Huo ukawa uongo wa pili. Ningesema kweli wakati ule, rimu ingerudi kwenye nguzo yake kabla ya adhuhuri. Sikusema. Siku ikapita, na ya pili, na ya tatu. Maji ya mvua za nyanda za juu yakashuka, mto ukafura, na watu wakavuta mitumbwi yao juu upande wetu ili maji yasiichukue. Ikabaki pantoni.

Siku ya nne, jua la utosi, upepo wa kusi ukivuma, dada yangu Rehema alifika ng'ambo. Alikuwa ameolewa kijiji cha upande ule. Mgongoni alikuwa na mwanawe, mtoto wa miezi saba, ana homa kali na ameanza kukakamaa. Zahanati ilikuwa upande wetu. Rehema alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo, akainua mkono kuipiga rimu, akakuta msumari mtupu.

Aliita. Mvumo wa upepo na maji ulimeza sauti yake. Alipunga kanga. Sisi tulikuwa ndani ya kibanda tunakula wali, mlango tumeupa mgongo kwa sababu ya vumbi. Mimi nilikuwepo, mwanangu. Nilikuwa nakula, na dada yangu ananiita kwa jina, na sikusikia.

Aliyemwokoa ni mchungaji wa Kiorma, jina lake Godana, aliyekuwa ameleta ng'ombe kunywa maji. Alimsikia Rehema akilia. Wala hakupoteza muda kuita. Alikusanya majani mabichi na samadi kavu, akawasha moto ukingoni, akaulisha mpaka moshi mweupe mzito ukapelekwa na upepo juu ya mto. Mzee Jilo alinusa moshi, akatoka nje. Aliangalia mara moja tu, akapiga kelele, "Kamba! Kamba!"

Sijawahi kuvuta kamba kama nilivyovuta siku ile. Maji yalikuwa yanasukuma pantoni ubavuni, na hakuna aliyetania. Tulipofika, Rehema alikuwa chini ya ile nguzo. Alinitazama, akatazama ule msumari, akapanda.

Mtoto alifika zahanati akiwa bado anapumua, akatibiwa, na jioni aliomba titi. Nilikuwa nimekaa nje ukutani nikasikia kilio chake, na hakuna sauti ya redio yoyote duniani ambayo ningeibadilisha na ile.

Mzee Jilo alikuja akakaa kando yangu. Nilidhani atanifukuza kivukoni. Nikamwambia yote, duka na wale wanafunzi na lile "upo" langu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Komora," alisema, "kuchagua vibaya si kosa la kukuliza. Mimi nimenunua ng'ombe kipofu. Kosa lako ni kwamba ulishindwa kusema kwetu hakuna. Ukashindwa dukani, ukashindwa na hapa. Sasa inuka, uirudishe rimu."

"Kesho asubuhi, Mzee?"

"Jua bado liko. Sasa."

Tukavuka naye, nikaitundika mwenyewe, nikaipiga mara tatu. Godana alikuwa bado pale na ng'ombe wake. Nilimshukuru, naye akasema, "Moshi ni bure. Na wewe using'oe vitu vya watu."

Shule zilipofunguliwa nililibeba sanduku lile kubwa hadi kwa yule mwenye duka, nikalitua mezani, nikasema kwa sauti iliyosikika duka zima, "Bwana, kwetu hakuna umeme."

"Najua," akasema. "Mimi huenda Lamu kila mwaka. Pantoni yenu nimeipanda mara nyingi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulinijibu kabla sijamaliza kuuliza."

Alilikagua, akaona sijaharibu kitu. Akanipa lile dogo, na kwa thamani iliyobaki akanikatia waya mrefu wa kuvuka mto na kunipimia betri za ziada. Hakunidhulumu hata kidogo, naye angeweza. Likizo iliyofuata tuliufunga ule waya kwenye kamba ya chuma, tukazifunga betri kwenye mkebe zisilowe, na Rehema, mtoto mgongoni, ndiye aliyebonyeza wa kwanza. Kengele ililia kibandani. Buya aliruka akamwaga chai yake, akasema, "Haya, Msomi, kiboko amekubali." Nilitaka kuiondoa rimu sasa kwa haki. Mzee Jilo akakataa. "Betri hufa," alisema. "Iache."

Basi, mwanangu, kuhusu zile picha zako. Kabla hujatoa pesa, jiulize unataka kitu gani kilie, kiwake au kizunguke, na kimtumikie nani. Sanduku lisiloweza kukujibu hilo liache, hata picha yake ikikuchekea. Tazama nguvu yake inatoka wapi, na kama wewe unayo. Chagua lenye vitu vichache unavyoweza kuviunga na kuvifungua tena bila kuviharibu, na kitabu unachokielewa mwenyewe, na uhakikishe kifaa kikiungua kingine kinapatikana hapa Garsen au Hola. Usimalize pesa zote kwenye sanduku, betri na waya vitakudai baadaye. Na muuzaji akikuuliza swali, mwache amalize. Usichokuwa nacho, kiseme. Mimi ningechukua lile dogo.

Namshukuru Mungu kwa Mzee Jilo, kwa Godana, na kwa yule Mhindi wa miwani ya uzi. Wote wametangulia, na wote walinirudishia nilichokuwa nimekitupa. Mungu akupe mikono mitulivu na ulimi usioona haya kusema kweli, na kila utakachokiunga kimfae mtu.

Nacho kikilia mara ya kwanza, mwite shangazi yako Mariamu aje akibonyeze. Yeye ndiye aliyekuwa mgongoni.