Pombe Aliyoimwaga Anastasie

Anastasie wa mtaa wa Rwambuzi alikuwa mkali kabla ya vita vya makabila, na vita vikamzidishia. Kupika kasiksi, pombe ya ndizi, alifundishwa na mama yake kule Djugu: ndizi zinafukiwa shimoni mpaka ziive, zinakamuliwa kwa majani makavu ndani ya mtumbwi wa mti, kisha maji yake yanatiwa unga wa mtama uliokaangwa na kufunikwa kwa majani ya mgomba. Aliyekuja kuichungulia kabla ya siku mbili kwisha alifukuzwa kwa mwiko.

Ndizi aliletewa na Kamate, mkulima wa kabila jingine aliyekaa Ngezi. Uani kwa Anastasie walikunywa watu wa makabila yote. Waliogombana walileta ugomvi wao pale. Anastasie alionja kwanza, wajue hakuna sumu, kisha wakanywa wote wawili kwa kibuyu kimoja. Hata Fulgence, kijana wa mtaani, alipooa, pombe ya mahari ilitoka kwake.

Mwezi wa tano wa mwaka 2003, Fulgence huyohuyo aliingia uani mchana kweupe, bunduki begani, wenzake watatu wa kundi la wapiganaji nyuma yake.

"Mama, shefu wetu wa vita anaomba kasiksi. Yote. Leo tunafanya fete, tunakunywa na kucheza."

"Fete ya nini?"

"Tumesafisha Ngezi."

Anastasie akasimama. "Kamate iko wapi?"

Fulgence akatazama viatu vyake. "Weye leta pombe tu, mama."

"Nimekuuliza, Kamate iko wapi?"

Anastasie akaushika mtumbwi wa pombe kwa mikono miwili, akaupindua. Pombe yote ikatapakaa uani.

"Hii ndizi ni ya Kamate! Hautaikunywa! Kama unataka, lamba chini!"

Fulgence akampiga kwa kitako cha bunduki, mkono ukavunjika. Wenzake wakaupasua mtumbwi, wakauchoma moto.

Jirani yake Solange alimfunga mkono kwa kitenge, akanung'unika, "Ungewapa tu, mama. Pombe ni pombe."

"Wamemuua mutu, wanataka nichekelee nao, na weye unasema pombe ni pombe?" Maneno ya Solange yalimuuma kuliko mfupa. Siku hiyohiyo alishika njia ya kijiji cha Marabo kwa miguu, bila kumuaga Solange.

Alirudi baada ya miaka miwili. Fulgence alikuwa amesalimisha bunduki na kuacha vita. Akaja na muzee Anaclet wa kanisani.

"Anataka mupatane," alisema Anaclet. "Pika kasiksi, munywe pamoja, siye tuwe mashahidi."

"Muzee, munafikiri kasiksi ni sabuni? Kwanza aseme Kamate iko wapi."

Fulgence akasema kwa sauti ndogo, "Nyuma ya tanuri ya matofali. Mu shimo la udongo."

Kesho yake asubuhi walichimba. Mjane wa Kamate, Elisabeth, alimtambua mume wake kwa mshono wa koti aliloshona mwenyewe. Wakamzika kama mtu.

Siku mbili kabla ya kumaliza kilio, Anastasie alikamua ndizi kwa mkono usionyooka tena. Siku ilipofika, watu walijaa uani kwa Elisabeth. Fulgence alisimama nje ya ua, kofia mkononi.

"Mama, umuite," Anaclet alimnong'oneza.

"Huyu mama alilia miaka miwili bila kaburi, na huyu wa nje alijua," alisema Anastasie, hakupunguza sauti. "Mie simuiti. Kama Elisabeth anataka, amuite yeye."

Elisabeth alitazama nje kidogo, kisha akageukia wageni wake. Fulgence akavaa kofia, akaondoka.