Kitambaa Kilicholala Nje

Juzi pale mjini Same niliona kanga ya jirani imesahaulika uani na giza linaingia. Nikaianua bila hata kubisha hodi. Kwetu nguo hailali nje, wachawi huipitia.

Ndiyo maana, nilipokuwa mtoto, nilimshuku Sista, mkunga wa zahanati yetu ya mlimani, aliyetoka Ayalandi. Asubuhi moja, nikienda kuchota maji, niliona kitambaa chake cheupe juu ya mimea ya masale iliyozunguka ua wa zahanati, kimelowa umande chapachapa.

Mchana ule ule mama akashikwa na uchungu katika shamba la ujamaa. Nilichungulia dirisha la zahanati, nikanusa dawa na moshi wa kuni, nikamwona Sista akimfunga mama tumboni kwa kitambaa kile, bibi yangu amesimama kando.

"Bibi!" nikapiga kelele. "Hicho kimelala nje!"

Bibi akamdaka Sista mkono. "Nani kakufundisha mambo haya?"

"Bibi yangu," Sista akajibu. "Kwetu, mkesha wa Mtakatifu Brigida, tunaacha kitambaa nje usiku ili apite akibariki. Huwasaidia wanaojifungua."

Bibi alikinusa, kisha akalikaza fundo yeye mwenyewe. Jua halijazama, mdogo wangu akalia.

Leo najua ilikuwa mila tu, kama zetu. Siku ile sikujua. Tuliporudi nyumbani giza likiingia, bibi alitandaza kanga yake mpya juu ya masale yetu. Nikakimbia kuianua.

"Iache," akasema, bila kunitazama.

Usiku ule nilikataa kulala naye kitanda kimoja.