Uzito wa Mama Mkwe

Gereji yetu kila mtu ana sehemu yake. Mimi napiga rangi, yule mrefu ni wa injini, na Bwana Chini ana kila kilicho chini ya gari: springi, shokabu, bushi. Ni mtu wa haya. Mteja akimsalimu huitikia, kisha huvuta jeki.

Kazi iliyomkosesha usingizi ni gari la baba mkwe wake, mpiga chapa mstaafu. Ni gari la mbio la zamani, la viti viwili, fupi hata unaliingia kama unayevaa suruali. Mzee alilipenda kwa sababu usukani wake ulimweleza kila kokoto ya barabarani. Mama mkwe naye alielezwa kila kokoto, ila kwa njia ya mgongo. Mwishowe akasema halipandi tena, na gari la mtu mmoja ni uchoyo, liuzwe. Mnunuzi alishakuja kulichungulia, na angerudi Jumamosi.

Mzee akalileta gereji. Alitaka mkewe akae bila kuumia, lakini usukani usinyamaze.

Bwana Chini hapangi springi za gari tupu. Hujaza mchanga kwenye mifuko, kila mmoja uzito wa atakayekaa, akaiweka vitini, ndipo apime. Uzito wa mzee aliuliza, akaambiwa. Wa mama mkwe hakuthubutu. Alimwomba mkewe amuulizie, akajibiwa kwamba mdomo anao. Basi akakisia, na kwa kuwa ni mkwe mwenye adabu, kila alipochota mchanga alirudisha kidogo.

Ijumaa asubuhi wazee wakalijaribu. Walirudi gari limelalia upande wa mama kama mtu anayetega sikio kwa jirani, na tairi limekwangua rangi niliyoipiga juzi. Mama mkwe akateremka taratibu, akaomba aonyeshwe mfuko wake. Akauinua kwa mkono mmoja.

"Huyu ndiye mimi, mkwe wangu?"

"Ni heshima, mama."

"Heshima yako imenivunja mgongo. Fungua mlango."

Akarudi kitini, akamwita na mumewe akae, akasema hashuki mpaka gari lisimame sawa. Bwana Chini akaingia chini. Alikaza springi za upande wa mama, akalegeza shokabu. Kila alipotoka, mama alijitikisa kitini, kisha akamrudisha. Uso umeumbwa na haya, na kule chini uso wake haukuonekana, hivyo wakazungumza zaidi kuliko walivyowahi kuzungumza tangu arusi. Mama alimwambia kwamba binti yake analalamika kuwa mumewe akiwa nyumbani hasemi neno. Sauti ikajibu kutoka chini ya gari kwamba amesikia.

Alasiri wakalijaribu tena, wakapita makusudi kwenye mashimo yaliyo nyuma ya soko. Waliporudi mzee alizima injini, mikono akaiacha kwenye usukani kana kwamba bado unamweleza. Mkewe ndiye aliyetoa hukumu.

"Linagonga, lakini sasa linaomba radhi."

Jumamosi mnunuzi alipofika, mama mkwe alimpokea mlangoni. Alimweleza kwamba gari limeshapangwa kwa uzito wake yeye, na mtu mwembamba kama yule kiti kile kingemrusha nje.