Taulo za Vyumba Sitini

Shangazi yangu amefua nguo za hoteli kwa miaka kumi na tisa, na wenzake kazini wanamwita Mashine. Mashine zenyewe zipo mbili, na moja haikosi kuwa mbovu, kwa hiyo jina hilo si la utani mtupu. Mama yangu, ambaye ni wifi yake, alikuwa akifua naye. Shangazi ndiye aliyemtafutia kazi hiyo baba alipofariki. Walitoka pamoja asubuhi, wakarudi pamoja saa kumi na mbili jioni wakiburuta miguu na kubishana nani atabandika chai. Nyumbani tulishazoea kuwaona hoi.

Mlangoni pa hoteli palibandikwa beji ya jani la kijani. Wageni wa siku hizi, kabla ya kuchagua pa kulala, huuliza kwanza kama hoteli inatunza mazingira, nami siwalaumu. Kila bafu lilikuwa na kikadi: taulo ukiitundika, utaitumia tena, ukiiacha sakafuni, itafuliwa. Mgeni anatundika yake, anatoka kutembea roho kwatu. Huku nyuma msimamizi wa vyumba alikuwa na sheria yake ya tangu enzi: taulo zote zishuke, zilizotundikwa na zisizotundikwa, maana mgeni akikuta ya jana atanung'unika. Basi zilishuka zote. Vyumba sitini, taulo mbili mbili, mashuka kando.

Mwaka jana watoa beji wakatangaza ukaguzi. Meneja akawaita shangazi na mama, akawafundisha kama watoto wa chekechea.

"Mkiulizwa, mnafua taulo arobaini kwa siku. Sawa, mama zangu? Beji ikienda, wageni wataenda, na sisi sote tutaenda."

Wiki nzima shangazi alikariri arobaini yake huku anapika. Mama akawa anamcheka.

"Wifi, namba moja tu inakutoa jasho?"

"Inanikaba, wifi. Haipiti."

Mkaguzi alikuwa dada mpole mwenye daftari. Aliuliza, shangazi akajibu arobaini, mambo yakawa shwari. Angeondoka hapo, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini alifunga daftari, akatabasamu, akasema kwa nia njema kabisa, "Arobaini kwa watu wawili. Basi kazi yenu nyepesi, mama."

Nyepesi! Mama anasema aliona shingo ya shangazi ikikakamaa. Mgongo umepinda, kucha zimeliwa na sabuni, halafu anaambiwa nyepesi.

"Mia na ishirini, mwanangu," akasema. "Na hakuna hata moja iliyowahi kurudishwa kwa doa. Njoo uone kamba zangu."

Akamshika mkono, akampeleka uani, akampitisha kamba moja baada ya nyingine akihesabu kwa sauti. Meneja alibaki mlangoni, uso umemshuka.

Beji haikuondoka. Hoteli ilipewa miezi mitatu ijirekebishe na, haki yake niipe, ilijirekebisha kweli. Msimamizi akakatazwa kugusa taulo iliyotundikwa. Zikapungua hadi thelathini, siku nyingine ishirini na tano. Ndipo meneja akawaita tena.

"Kazi sasa ni ya mtu mmoja. Mimi siwezi kuchagua kati ya ndugu. Zungumzeni, mnijibu kesho."

Hawakuzungumza. Walirudi kimya, kila mmoja akimsubiri mwenzake. Shangazi hana mtoto, mama ana wadogo zangu wawili shuleni. Maneno "nitaacha mimi" shangazi alikuwa nayo mdomoni njia nzima, aliniambia baadaye, lakini aliogopa kuwa mtu wa kukaa na kulishwa. Walipofika nyumbani, mama akatoa aproni yake kwenye mkoba, akampa.

"Wewe ndiye uliyenileta, wifi. Baki."

Shangazi akaipokea. Aliipokea!

Nilimkasirikia, sifichi. Mama sasa anafua majumbani mwa watu, kwa beseni. Shangazi anarudi saa kumi na mbili ile ile, anajishika kiuno, na mama ndiye anayemchemshia maji ya kumkanda mgongo. Nikajua kazi haikupungua, tumedanganywa tu.

Juzi nilipita hotelini saa tisa mchana kumpelekea shangazi ufunguo. Nilimkuta chumba cha kufulia, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mashine zimezimwa, taulo zimekunjwa na kupangwa, kikapu kitupu.

"Umemaliza saa ngapi, shangazi?"

"Saa saba."

"Sasa si uende nyumbani ukapumzike?"

Alitazama mikono yake.

"Nifike saa nane mzima wa afya, mama yako yuko kwenye beseni? Nitamtazama na macho gani?"

"Na yale maji ya kukanda?"

"Naona aibu mpaka nasikia vibaya. Lakini nikikataa, atajua. Usimwambie, mwanangu."

Hasira yote iliniishia, nikabaki na huzuni ambayo sikujua niipeleke wapi. Nikavuta ndoo nyingine, nikaipindua, nikakaa naye. Tukasubiri muda wa kutoka kazini.